Pingamizi Lako Kuhusu Kibonge

Nyumbani, nyuma ya banda la cherehani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na familia yako hamjambo. Sisi ni wazima wa mwili. Nimekusalimia kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea ni dada yako, huyo unayesema hafai kulea.

Juzi afisa ustawi wa jamii alikuja. Mama alikuwa akimpima mteja gauni, pini zimejaa mdomoni. Afisa akamweleza kwamba ombi lake la kumuasili Kibonge, mtoto wa marehemu Mama Mdogo, limewekewa pingamizi, na mwenye pingamizi ni wewe: eti mwanamke asiye na mume hawezi kumlea mtoto wa kiume. Mama akazitoa pini moja moja. "Kaka yangu?" akauliza. "Nilidhani amepoteza namba yangu."

Kisha akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Mteja akacheka: "Fundi, gauni hili ni la kutembea kinyumenyume?" Mama hakucheka. Sijawahi kumwona akikosea mkono.

Nimeisoma sheria mpya maktabani, yote. Zamani Mama asingeruhusiwa kuasili kwa kuwa hana mume, sasa anaruhusiwa. Tulishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini sheria hiyohiyo inataka ndugu wa damu waulizwe, na hapo ndipo ulipokumbuka kwamba una damu. Mama Mdogo alipotuachia Kibonge akiwa kichanga, damu yako ilikuwa wapi? Hata mazikoni hukufika. Na hakimu akikusikiliza wewe, mtoto atapelekwa kwa watu asiowajua.

Shuleni siinui mkono hata nikiwa na jibu, kwa hiyo ujue haya hayajanitoka kirahisi. Usinijibu kwamba sina adabu. Nijibu kuhusu mtoto.

Mwenye pingamizi anatakiwa afike mahakamani mwenyewe. Basi njoo. Utalala kwenye kitanda changu, kando ya Kibonge. Usiku huwa anashtuka akilia na kuita. Mbembeleze wewe, halafu asubuhi ukamwambie hakimu mtoto alikuwa akimwita nani.

Nisalimie mkazamjomba na binamu zangu, ambao hawana kosa. Mungu akufikishe salama.

Mpwa wako, ambaye bado anajitahidi kukupenda.