Upande wa Pili wa Bunduki Yako

Nasri, ndugu yangu,

Allah akuangazie hapo ulipolala. Kaburini kwako sijafika. Wanaume walikupeleka, wakarudi na vumbi kwenye pindo za dishidasha, wakanieleza uko safu gani na umepakana na nani, na mimi nikaitikia kama niliyefahamu. Sikufahamu kitu. Kwa hivyo nnakuandikia, na barua hii ntaitia ndani ya boksi la bunduki yako, kwa sababu sijui pengine pa kuitia.

Ulikuwa ukisema mimi huzunguka mji mzima kabla ya kukiri kosa. Leo sizunguki. Bunduki yako niliiharibu.

Ile ile ya mchezo, ya vidonge vya plastiki, uliyokuwa ukitoka nayo kila Ijumaa asubuhi wewe na wenzako wa kazini, watu wazima na vitambi vyenu, mkaenda kujificha nyuma ya matairi na mapipa mkitunguana. Miaka nilikucheka. Nilikwita Jemadari wa Bawshar, kwa jina la mtaa wetu. Mkeo Rahma yeye aliiita mke mwenza, na hakuwa akitania sana, maana Ijumaa zake zote ziliishia kwenye bunduki ile. Hata siku za matanga mama yetu, Bi Mkubwa, aliificha chini ya kitanda, wageni wasije wakaiona wakaondoka na habari mjini. Ilikuwa imetokeza ncha yake, mtoto wa mtu akaiona, akauliza kwa sauti mbele ya watu wote.

Unaikumbuka wiki ile hospitali walipokupa ruhusa uje nyumbani? Sisi tulidhani unapata nafuu. Wewe nadhani ulikuwa ukijua. Ukakaa uani kwa Bi Mkubwa na meza ndogo, ukaiziba ncha kwa utepe wa karatasi ili ibaki na rangi yake ya chungwa, watu wasije wakaidhania ya kweli, halafu ukaanza kuipaka rangi ya kujifichia. Rangi za dukani hukuzitaka. Ulisema hizo ni za misitu ya wenyewe, na sisi hapa hatuna msitu, tuna majabali. Ukawa na jiwe uliloliokota bondeni, unachanganya kahawia na kulilinganisha na jiwe, unachanganya tena. Kwanza ukautia upande mmoja rangi ya mchanga. Ilipokauka ukalaza juu yake vijitawi vya mkunazi wa Bi Mkubwa, ukapuliza kahawia, ukavinyanyua, na majani yakabaki yamechorwa kwa rangi ya mchanga. Kisha ukachukua kawa lake kuukuu, lile lililolegea msuko, ukapuliza kijani kilichofifia kupitia vitundu vyake. Bi Mkubwa akasema, "Nasri, kawa hilo nnafunikia chakula cha wageni." Lina madoa mpaka leo, na mpaka leo analifunikia chakula cha wageni. Mtu akimuuliza, husema ni mtindo.

Nilikushauri umpelekee fundi, ikutoke vizuri. Ukanambia fundi ataipaka sawasawa, na kinachotakiwa ni isiwe sawasawa, kwani jabali gani lina mistari iliyonyooka. Nilidhani unasema kwa ubahili.

Upande wa kwanza ukaumaliza. Wa pili ukautia mchanga tu, ukachoka. Ukabonyeza dole gumba karibu na kitako kutazama kama umekauka, na haukuwa umekauka. Alama ikabaki, mistari yake yote inahesabika. Nikakwambia umeshaharibu. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Hapo litapita doa la kahawia, hutoliona." Halafu ukaenda kulala, na kesho yake tukakurudisha hospitali, na mikono yako haikufanya kazi nyingine tena hapa duniani.

Hospitalini ukaninong'oneza, "Da Zuwena, upande wa pili." Nikakwambia ntaumaliza mimi. Ukanitazama. "Wewe hata kucha hujui kujipaka." Nikakuapia. Nilikuwa tayari kukuapia chochote siku ile, Nasri. Nilishakwenda kwa kila daktari, nilishapandisha sauti kwenye kila dirisha, nilishabeba karatasi zako kutoka jengo hili mpaka lile, na hakuna hata kitu kimoja nilichokifanya kilichokusaidia. Bunduki ya plastiki ndiyo kazi pekee uliyonipa ambayo nilidhani naiweza.

Kisha ukafariki. Wakaja kutaka majani ya mkunazi ya kukuoshea, nikayachuma mimi, mti ule ule, na matawi uliyoyakata wewe yalikuwa hayajachipua bado. Niliyachuma mengi kupita kiasi. Waliniambia yanatosha, nikawa nachuma.

Mwezi wa pili nikasema sasa. Ijumaa moja nikaoga, nikavaa, nikajipaka mafuta ya udi viganjani na shingoni kama kawaida yangu, kwani mimi ni mimi, nikenda kwa Rahma kuichukua bunduki. Nikaikumbatia kama mtoto mpaka garini. Nikaiweka kwenye meza yako, nikalaza majani yangu, nikapuliza.

Rangi ikakimbia. Sina neno jingine. Inatua, kisha inajikunja na kuacha vijitundu vya mviringo, kama macho, mamia ya macho yananitazama. Nikadhani inataka nguvu, ninavyodhani kila kitu kinataka nguvu, nikazidi kupuliza. Ikachuruzika. Nikaifuta kwa mtandio. Lo, nikaona kwa macho yangu ninavyokuharibia, na mkono hauachi.

Nikaipeleka Rusayl kwa fundi mmoja wa rangi za gari, mtu wa Tanga. Hata hakuitazama, aliinusa. "Mama, hii imeshikwa na mtu mwenye uturi. Rangi haikai juu ya mafuta." Akanambia dawa yake ni kuikwangua yote mpaka kwenye plastiki na kuanza upya, na kwamba hata kuipaka ataipaka yeye, dakika kumi. Tayari alikuwa na msasa mkononi. Nikamshika mkono, mwanamume nisiyemjua, mimi Zuwena. Nikamwonesha alama ya dole. Nikamwambia ni ya nani.

Akauweka chini msasa wake. Akatia msasa laini majini, akaiondoa rangi yangu polepole, kipande kwa kipande, na alipofika kwako akapita pembeni. Hakutaka hata nimshukuru. Alinisihi tu kwamba atakayeimalizia asiwe na mafuta wala manukato, mkononi, nguoni, popote.

Nikanunua glavu. Nikajaribu kwanza kwenye kifuniko cha ndoo hapo uani kwa Bi Mkubwa, na macho yakatoka yale yale. Nikakaa chini. Tangu uondoke chetezo hakipoi nyumba ile, watu wanaingia na kutoka, na kabla ya hapo ni miaka na miaka ya kufukiza mapazia, mito, nguo, nywele. Mafuta yamo kwenye kila kitu tulicho nacho, na mimi nimo ndani yake. Sikupata kuwaza kwamba harufu nzuri ingenizuia kukutimizia neno lako.

Nikenda kwa Rahma kulalamika. Si kutaka kitu, kulalamika tu. Unajua nilivyokuwa naye, nilikuwa namwona ana ubaridi, hata msibani hakulia mbele za watu. Alikuwa amekaa eda yake, mwezi wa tatu ule, na nguo zake zisizo na urembo, na nyumba haina udi, haina ubani, haina hata sabuni ya kunukia, maana mjane wa eda hagusi manukato. Nikamweleza yote, nikamaliza kwa kusema kwamba katika ukoo wetu mzima hakuna mtu mwenye mikono safi. Akatandaza viganja vyake mapajani, akavitazama.

"Yangu haina kitu, Da Zuwena."

Nikashikwa na aibu, Nasri. Mwanamke uliyemwachia Ijumaa tupu, tena kwa ajili ya bunduki hiyo hiyo.

Tukafanya hivi. Majani nikayachuma kwa koleo la jikoni, nikayatia kwenye mfuko wa plastiki, na yeye akayaosha kwa sabuni ya vyombo kama anayeosha mchicha. Kawa hatukulileta, lishajaa moshi wa chetezo. Mimi nikapewa kiti mlangoni, mbali, na amri ya kutosogea. Mimi niliyeendesha harusi yenu, niliyeendesha msiba wako, nikakaa mlangoni kama mgeni nikitazama. Katikati ya kazi shangazi yetu akaingia kumjulia hali, akakuta mjane wa eda kasimama uani na bunduki. Alitaja majina ya Mola yote anayoyajua. Nikamwonesha utepe wenye ncha ya chungwa chini yake, nikamwambia ni ya kuchezea, akakaa. Baada ya muda akawa anamwelekeza Rahma wapi paongezwe kijani.

Upande wa Rahma umekwenda mrama. Kuna doa moja halifanani na jabali lolote la nchi hii, na majani mengine yalimteleza yakatoka mawili mawili. Hauko sawasawa hata kidogo. Ungeupenda kuliko wako.

Kisha akafika kwenye dole. Akasimama na jani mkononi, na kopo la kahawia. Kwa mpango wako, rangi ilikuwa ipite hapo hapo. Akaniuliza bila ya kugeuka, "Na hapa je?"

Nasri, wewe unanijua. Sikuwahi kuulizwa kitu nikakosa la kusema. Safari hii nikakishika kiti kwa mikono miwili. Nilikuahidi upande wote. Na ilikuwa zamu yangu kusema pita, mfunike, kama alivyotaka mwenyewe. Akangoja. Halafu Rahma akaleta dole gumba lake karibu na lako, bila ya kugusa, akalipimia kwa hewani. Lake dogo. Akakata utepe wa karatasi, akauweka juu yako kama ulivyouweka wewe kwenye ncha, akapuliza kahawia pande zote. Alipoubandua, ulikuwa umebaki hapo na kipande chako cha mchanga. Ndipo akalia. Alilia mpaka Magharibi, na mimi sikuweza kwenda kumshika, kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi naye kaishika bunduki, na mimi na udi wangu mlangoni.

Eda inakwisha wiki ijayo. Tutakwenda na hina na chetezo tumtoe, na yeye atanukia kama sisi, na baada ya hapo nyumba zetu hazitokuwa na mkono wa kuifanya kazi hii. Kama ni kufunika, ni siku hizi. Kila nikenda nakuta kopo la kahawia liko pale pale juu ya meza. Hajaniuliza tena. Na mimi sijamjibu.

Wenzako waliuliza kama unaweza kuwepo uwanjani Ijumaa moja, yaani bunduki yako. Rahma amesema ataipeleka mwenyewe, akishatoka. Ntamwendesha mimi, vioo wazi.

Basi lala, Jemadari. Ahadi niliyokuapia sikuitimiza, na nyingine ndiyo hii: hapo palipo na dole lako sitopagusa, hata mkono uniwashe vipi, hata nikiwa peke yangu nayo. Ukija kunidai siku hiyo mbele ya Mola, utanikuta nimekupunja. Nimekupunja mahali pa dole gumba moja. Nisamehe, na usinisamehe haraka.

Dada yako aliyekaa mlangoni,
Zuwena