Fainali Uliyokuwa Ukiingoja

Shela, Malindi

Bibi yangu,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si maalim, wala sikuliandika katika lile daftari ninaloficha chini ya godoro. Ile mechi ya mwaka juzi, niliyokwambia wana wetu wameshinda tatu kwa mbili wakaingia fainali, hawakushinda. Niliitunga.

Ilikuwa hivi. Wewe umeegemea mto wako sebuleni, sikio la kulia upande wangu, kwa kuwa la kushoto lilikufa zamani. Hata hilo la kulia halikusikia redio. Lilisikia tu mtu aliyepaza sauti karibu. Redio iko mapajani mwangu, mtangazaji akisema nami nakusemea, na kazi hiyo nilikuwa nayo tangu nina miaka tisa. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali sauti hainitoki, kwako nilipiga kelele mpaka Bi Nasra jirani akauliza dirishani, "Rukia, wameingiza?" Majina ya wachezaji hukuyataka. Ulisema yanakuja mbio mno, basi tukawapa yetu: Bwana wa Mlangoni, Mwembamba, na yule beki mnene uliyemwita Kabati. "Kabati yuko wapi? Mwambie asiondoke mlangoni!"

Kabla ya mechi ile uliinua mikono ukaweka nadhiri: wana wetu wakifika fainali nawe ungali hai, utafunga siku tatu. Mjomba Shee akacheka. "Mama, kwa timu hii utakula raha mustarehe mpaka uzeeke." Ukamjibu, "Nishazeeka, baradhuli we. Niache na Mola wangu."

Kipindi cha pili tulikuwa nyuma, mbili kwa moja, redio ikazimika. Betri nilikuwa nimezianika juu ya paa tangu asubuhi, kama desturi yetu, lakini jua la siku ile lilikuwa la mawingu na hazikupata nguvu. Wewe hukujua. Ulikuwa ukinitazama mdomo. "Ehe? Mwembamba yuko wapi?"

Ningesema redio imekufa. Nikasema, "Mwembamba ana mpira, Bibi."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Naapa nilimwona. Uwanja ulikuwa mpana kuliko uwanja wowote, majani yake yamelowa umande ingawa ilikuwa alasiri, na Mwembamba alipita katikati ya watu kama maji yanavyopita kwenye vidole. Hakuna aliyemgusa. Wale wapinzani walisimama wakamtazama tu, na mimi nawe tukamtazama, mpaka mpira ukaingia wenyewe, polepole, bila haraka yoyote. Mbili kwa mbili. Bao la tatu nilimpa Kabati, kwa sababu miaka yote ulimhurumia kwamba hakuna anayempa nafasi. Ulicheka mpaka kanga ikakuanguka mabegani. "Kabati! Kabati wangu!" Sijawahi kumfurahisha mtu namna ile kwa kitu nilichotoa kichwani mwangu.

Kesho yake, dukani, nikasikia wanaume wakisema tatu kwa moja. Nilirudi mbio kukwambia. Nikakuta umeshatia nia, umeshaamka na funga. Mama alikuwa amesimama mbele yako. "Na presha, Mama? Na vidonge vyako?" Ukasema, "Nimeshamwambia Mungu. Sasa nimwambie nini, kwamba nilikuwa namtania?"

Nilisimama mlangoni, mkoba wa shule begani. Maneno mawili tu yangetosha: Bibi, tumefungwa. Sikuyasema. Siku ya pili nilidhani nitayasema. Siku ya tatu midomo yako ilikuwa imekauka, joto la kaskazi limejaa nyumbani hata ukuta ni wa moto, nami nikawaza kwamba zimebaki saa chache tu, kwa nini nimharibie. Magharibi ukafungua kwa tende na maji, ukaniuliza, "Sasa fainali lini?"

"Bado hawajatangaza, Bibi."

Mama hafuati mpira, na Mjomba siku hizo alikuwa kazini hotelini, kwa hiyo hakuna aliyekwambia. Ukauliza tena Ijumaa. Ukauliza siku tuliyoosha mikeka. Mwezi haujaisha ukaanguka ukipanga vyombo, ukapelekwa hospitali, na hukurudi kwa miguu yako. Daktari alisema presha ilikuwa ya siku nyingi. Lakini Mama akipokea wageni wa tanzia alikuwa akisema, "Alifunga kwa ajili ya mpira, maskini," na watu wakatabasamu huku wanalia, na mimi nikatoka kwenda jikoni.

Sasa sikiliza, Bibi. Mwaka huu mashindano ya Afrika yamekuja kwetu, Nairobi. Kila mtu alisema wana wetu watatolewa mapema. Mjomba Shee alinunua betri nne mpya akazipanga juu ya meza, akasema, "Hizi za kusindikizia jeneza." Wakacheza, wasife. Wakacheza tena. Siku waliposhinda mechi ya kuingia fainali, fainali ya kweli, muuza supu ya pweza aliwagawia watu bure kule sokoni, na kengele za baiskeli zililia barabara nzima kana kwamba mji una bibi harusi. Bi Nasra alinijia na unga mikononi. "Rukia, Bibi yako angekuwepo!" Nikamjibu ndiyo. Nikaingia ndani.

Mwembamba ameacha mpira. Kabati bado yupo. Amekuwa mzito zaidi, mtangazaji anasema anachelewa kugeuka, lakini mlangoni haondoki.

Siku ya fainali Mjomba na wenzake walikwenda kutazama kwenye televisheni ya hoteli anakopika. Mimi nilibaki. Nilikaa kwenye mkeka wako, redio mapajani, upande wangu wa kushoto nikauacha wazi, mto wako nikausimamisha ukutani. Nikaanza kukusemea. Kwanza kwa kunong'ona, kisha sauti ikatoka yote. Pepo za kusi zilikuwa zikiinua pazia na kuliteremsha, na wakati fulani, Bibi, niliona kanga yako kwa pembe ya jicho. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka utaondoka.

Kipindi cha pili wakatufunga. Moja. Uwanja mzima ulinyamaza, nikasikia redio ikivuma tu kama kombe la baharini. Dakika zikaenda. Wana wetu walikuwa wakikimbia, na nilijua kwamba mdomo wangu unaijua njia. Kabati angepanda mbele. Angesawazisha kwa kichwa. Hakuna mtu chumbani wa kunikosoa, na wewe ungecheka.

Filimbi ikalia. Nikasema, "Bibi, tumefungwa."

Ndipo nilipotambua kwamba ni yale yale maneno mawili. Yalikuwa madogo sana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. "Unazungumza na nani?" Nikazima redio.

Nimewaza jambo moja, nawe utanicheka. Labda funga yako haikupotea. Labda ilitangulia, ikawangoja wana wetu huko mbele, nao wakaikuta mwaka huu. Nalipenda wazo hili, lakini nimejifunza kuogopa mambo ninayoyapenda sana kichwani. Kwa hiyo sikwambii kwamba ndivyo ilivyo. Nakwambia tu kwamba walifika fainali, na hili si la kutunga.

Nisamehe, Bibi. Lala pema. Nakuahidi nitaendelea kukusemea mpira kama ulivyo, na bao lisilokuwepo sitaliongeza, hata kwa Kabati.

Mjukuu wako,
Rukia

Barua niliimaliza, kisha nikaenda jikoni nikamwambia Mama yote, kuanzia betri. Aliendelea kupepeta mchele. Nilipofika mwisho akaweka ungo chini. Akauliza, "Siku ile alifurahi?" Nikasema alicheka mpaka kanga ikaanguka. Mama akafunika uso kwa mtandio. Baadaye akaninawisha mikono kama mtoto, akanipa mchele nitoe mawe.

Kesho yake nilifunga. Sikumwambia mtu kwamba nitafunga siku tatu. Siku ya tatu, adhana ya Magharibi ilipoanza, nilikuta kwenye mkeka wa Bibi kisahani chenye tende mbili na gilasi ya maji. Nikafungua. Mama akaketi kando yangu, akala ile tende ya pili.