Risasi Safi

Kilmore Quay, 14 Septemba 1997

Kwa binti yangu Breda,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananilalamikia. Wewe, mumeo Peadar na mjukuu wangu Cathal mnaendeleaje?

Watawa wameng'oa mabomba yao ya zamani ya maji, yale ya madini ya risasi, wakanipa yote. Niliyakausha wiki nzima, maana tone moja la maji likiingia kwenye sufuria, risasi ya moto inakurukia usoni. Sasa nayeyusha bandani nimimine chubwi za kuzamishia nyavu msimu huu. Kazi yangu unaijua: natia vipande vya mishumaa ya kanisani, nakoroga, uchafu unapanda juu, naukomba kwa kijiko. Wenzangu hukomba mara moja wakaridhika. Mimi mara tatu, mpaka niuone uso wangu humo, ingawa si uso wa kutamani.

Ile ya mwisho, safi kuliko zote, nimemmiminia Cathal kisamaki. Meno yakimsumbua, mpe atafune. Ni safi hiyo, hata askofu angeilamba.

Baba yako,
Mogue

Athlone, 9 Desemba 1997

Baba mpendwa,

Hujambo? Magoti je? Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kisamaki kilifika salama, na Cathal hakiachi. Nikimnyang'anya analia mpaka jirani anagonga ukuta. Kimejaa alama za meno.

Ila mtoto hayuko sawa, Baba. Tumbo linamuuma, choo hapati, rangi imemtoka. Alikuwa ameanza kusimama, sasa ameacha. Daktari anasema damu imepungua, nimpe maini. Mimi niliwahi kuwa hivi?

Binti yako,
Breda

Kilmore Quay, 2 Januari 1998

Breda mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mimi sijambo.

Wewe ulikuwa mnene, mama yako alichoka kukubeba. Mpe supu ya samaki. Huyo daktari anakaa mbali na bahari, atajua nini? Na kisamaki usimnyang'anye, maskini. Acha kimtulize.

Baba yako

Athlone, 3 Februari 1998

Baba,

Natumaini wewe ni mzima. Sisi tuko hospitalini. Wamempima Cathal damu, wamekuta risasi, tena nyingi. Wanasema huenda ikamgusa akili, na ni mapema kujua.

Wameuliza kuhusu rangi za zamani za nyumba, maana zilitiwa risasi. Peadar alikwangua zile za madirishani kabla mtoto hajazaliwa. Nimemwambia maneno ambayo sikujua ninayo mdomoni. Yuko kwa mama yake tangu Alhamisi. Nimewaambia madaktari kwamba mimi nimekulia kando ya sufuria yako na sijawahi kuugua, maana risasi yako husafishwa. Ni rangi tu.

Niombee.

Breda

Kilmore Quay, 6 Februari 1998

Breda,

Jana kwenye simu niliweza kusema "mnyang'anye kisamaki" tu, kisha nikakata simu. Haya ndiyo yaliyobaki.

Si rangi. Ni mimi. Niliposoma barua yako nilikwenda bandani nikaketi mbele ya sufuria. Kukoroga kote kule kunatoa kutu na mchanga. Risasi inabaki palepale. Nilimwondolea mwanao kila kitu isipokuwa sumu yenyewe, halafu nikajisifu. Na wewe hukukishuku kile kisamaki kwa sababu miaka yote nilikwambia yangu ni safi, ukaniamini.

Peadar hana kosa. Mwambie nimesema mimi. Sikuombi unisamehe. Naomba tu uniambie mtoto anaendeleaje.

Baba yako

Kilmore Quay, 8 Machi 1998

Breda mwanangu,

Hii ni barua ya tatu tangu ile. Labda hizo mbili hukuzifungua, na hilo nalielewa.

Jumatano nilipanda basi mpaka Athlone. Nilifika kwenye lango la hospitali, nikasimama pale kwa muda mrefu. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nilishindwa kusema "mjukuu wangu." Nikarudi.

Baba yako

Athlone, 2 Aprili 1998

Baba,

Nilizifungua zote. Kujibu ndiko kulikonishinda.

Tumesharudi nyumbani. Damu yake inasafika kila wanapoipima. Jumanne alishika kiti akasimama, akaangalia kama tumemwona. Mengine hatutayajua mpaka aanze shule, na mimi nitakuwa na hasira mpaka siku hiyo, pengine hata baadaye. Sitakuficha.

Peadar amerudi. Nilimwomba radhi, na yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie. Anasema anajua ilivyo kukaa peke yako na lawama, na yeye hata kosa hakuwa nalo. Muuguzi naye alinieleza jambo ambalo hukuwahi kunifundisha: risasi ni tamu ulimini. Ndiyo maana mtoto hakukubali kuiachia.

Njoo Pasaka. Najua hujawahi kuingia nyumba ya mtu bila kitu mkononi. Ulitulea tukijua kuwa ni aibu, hata kwa jirani wa mlango wa pili. Lakini sitaki samaki, sitaki keki, sitaki hata yai la chokoleti. Mara hii moja, Baba, njoo mikono mitupu. Utainawa mlangoni, kisha nitakupa mtoto umpakate.

Binti yako,
Breda