Maji ya Moto Nyumbani kwa Nassor

Jumatano, mwezi wa Januari. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya hapa Hayes kwa Waingereza, hayanyeshi yakaisha wala hayaachi. Dirishani naona ukuta wa jirani na mapipa yake ya taka.

Leo nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Jana nilikuwa namjua.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mie ni mwalimu mstaafu wa Wete, Pemba, mjane, naishi kwa mwanangu Nassor na mkewe Zuhura. Nassor yuko kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, Zuhura ni karani. Wakishatoka asubuhi nabaki peke yangu mpaka magharibi. Magoti yangu na basi haviafikiani tena, na baridi hii inanifanya hata mlango nisiufungue. Kiti, dirisha, msala, jikoni, kiti. Ukurasa huu alinifungulia Nassor ili nipate la kufanya. Mwenyewe hausomi, hana wakati, na leo nashukuru.

Nyumba hii mwenye amri si Nassor wala si mkewe. Ni boila. Kisanduku cheupe ndani ya kabati la jikoni, hakina tangi, hakiweki akiba ya maji. Ukifungua mfereji wa moto ndipo kinapowaka, vuu, kikachoma gesi na kuyapasha maji yanayopita. Zuhura ana sheria zake juu yake. Usifungue wa moto kwa kuosha kikombe kimoja, maana boila itawaka bure na wewe utakuwa ushafunga kabla moto haujafika. Mtu akiwa anaoga, wengine wasiguse mfereji wa moto, watamkatia. Maji baridi yanayotangulia kwenye shawa yakingwe kwa ndoo, yamwagwe chooni. Hili la ndoo nilimpendea, wallahi. Nilisema, huyu mtoto amekulia huku huku, Rayners Lane, lakini bibi yake alimfunza.

Halafu siku moja, baridi ilipoanza kuingia, nilimkuta mbele ya boila anabonyeza vitufe. Akanambia, "Mama, nimeizima ile ya kupasha maji. Ilikuwa inakula gesi bure, mchana kutwa."

Nikasema sawa, mwanangu. Ningesema nini? Nyumba yake.

Kesho yake nikafungua mfereji nitawadhe, maji barafu. Nikangoja. Barafu. Zamani yalikuwa yakija vuguvugu, si haba. Jioni naoga kwa maji ya moto kama kawaida, asubuhi na mchana kwenye udhu hakuna kitu. Nikaunganisha mambo mwenyewe: mkamwana wangu anafunga maji ya moto wakati wa udhu, anafungua jioni mumewe akiwepo. Lo! Mwalimu mzima nikawa naiona hiyo kama hesabu iliyokamilika.

Sikumuuliza. Mama mkwe hamuulizi mke wa mwanawe habari ya maji kama mpangaji anayedai haki yake. Nikatawadha na barafu yangu, vidole vikawa vinaniuma mpaka siwezi kukunja mkono kushika tasbihi. Na kila udhu moyo ukawa unaongeza neno.

Juzi maneno yakajaa. Nikashika simu, nikarekodi sauti kwenye kundi la familia, ukoo mzima umo humo, kuanzia Wete mpaka Muscat. Nikasema, "Mke wa Nassor ananinyima maji ya moto. Mie hapa nimefungiwa kama kuku. Asha, nisafishie chumba changu, narudi." Asha ni mdogo wangu, ndiye niliyemwachia nyumba.

Asha naye hana breki. Jana alimpigia Nassor kazini akamtolea uvivu. Nassor aliporudi hakupaza sauti, laiti angepaza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, bado na fulana yake ya kazi inayong'aa, akasema, "Mama, ukitaka kurudi nitakutafutia ndege. Sikulazimishi kukaa." Nikaona macho yake yamechoka. Zuhura alikuja baadaye, akasimama mlangoni, hakuingia. "Mama, kama nimekukosea niambie." Nikamjibu, "Sina neno." Uso nimeuelekeza ukutani.

Basi leo.

Walipotoka niliingia bafuni kutawadha kwa ajili ya sala ya dhuha. Sinki la humu lina mifereji miwili, wa moto huku, wa baridi kule, ndivyo walivyojenga wenyewe. Mie tangu utotoni nafungua mfereji uzi mwembamba tu. Kwetu maji yalikuwa yakija kwa zamu, na israfu kwenye udhu nilikatazwa tangu chuoni nikisoma Kurani, na mie nikawakataza wanafunzi wangu. Hata hapa penye maji tele mkono wangu haujui kufungua zaidi ya hapo.

Lakini leo nilikuwa nimepandwa na hasira. Nikasema, kwani ananibania nini? Na mie nimwage! Nikaushika mfereji wa moto nikauzungusha wote, mpaka mwisho, maji yakaruka yakanilowesha kifua.

Chini jikoni nikasikia: vuu.

Nikasimama. Maji yakaja baridi, yakaja vuguvugu, kisha nikauondoa mkono wangu mbio kwa moto.

Nikapunguza mpaka uzi. Boila kimya. Nikafungua wote. Vuu. Nikapunguza, kimya. Nikarudia kama mtoto aliyepata kidude kipya, mpaka nikaona aibu mwenyewe. Maji yakiwa machache boila haiyahisi, haiwaki. Zuhura hakufunga kitu. Mie ndiye niliyekuwa sifungui.

Nilikaa juu ya kifuniko cha choo, nimelowa, nikalia. Nisiseme uongo, sikulia kwa ajili ya Zuhura. Nililia kwa sababu ile sauti yangu imeshafika Muscat, na mie nimo humu ndani na siwezi hata kutoka kuzunguka mtaa nikapoa.

Nilifikiria kunyamaza. Nafasi ilikuwepo. Nassor angekata tiketi, ningeondoka nimedhulumiwa, Asha angenipokea kwa machozi, na hakuna ambaye angejua. Nililifikiria hilo mpaka adhuhuri ikaingia.

Zuhura alirudi wa kwanza. Nilimsikia anavua viatu taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Nikamwita juu. Alikuja na koti lake bado mwilini, mikono imemganda. Nikafungua mfereji wote, moto ulipofika nikaweka kopo chini yake, lilipojaa nikafunga, nikachanganya na baridi kidogo, nikammiminia mikononi. Nikamwambia yote. Sikupamba.

Akaifuta mikono yake kwenye koti. "Kwa hiyo baridi yote hii ulikuwa unatawadha na maji baridi? Na hukuniambia?"

"Ulisema umeizima."

"Nilizima ile inayoiweka boila na joto wakati hakuna anayetumia maji, Mama! Si maji yenyewe!" Kumbe lile vuguvugu langu la zamani lilitoka huko. Halafu akasema polepole kwamba alikuwa akinisikia asubuhi, maji yanatiririka, yanatiririka, na alitaka kunambia nafungua mfereji muda mrefu mno. Akaona haya. Alijisemea, nitamwambiaje mama mkwe habari ya udhu wake?

Yeye ndiye aliyeanza kucheka, mie nikafuata, kisha akanilalia begani na koti lake la mvua, akalia kweli. Akasema ofisini hakufanya kazi leo, alikuwa anajiuliza watu wa Pemba wanamuonaje. Hilo limenichoma kuliko maji.

Mbele yake nikarekodi sauti nyingine, kundi lile lile. Nikasema Zuhura hana kosa, kosa ni langu na mkono wangu. Nikasema kuanzia leo nafungua wote, ile baridi ya mwanzo naikinga kwa ndoo, moto ukifika najaza kopo, nafunga, natawadha kwa kopo kama tulivyokuwa tukifanya kwetu. Maji kidogo, gesi kidogo. Zuhura akalifurahia hilo la kopo, akasema hata yeye atafanya hivyo.

Asha amejibu sasa hivi, anacheka mpaka anakohoa. Mwisho ameuliza: basi chumba nikiache, hurudi tena?

Sijamjibu. Chini nawasikia Nassor na mkewe wanapakua chakula, sauti zao zimerudi kawaida, na Nassor ananiita, Mama, kinapoa. Natakiwa niteremke na uso wa mtu aliyepona.

Mikono yangu ina joto. Na bado nataka kwetu, vile vile kama jana, wala haikupungua hata chembe.

Maji ya moto yapo. Sasa nitasingizia nini?