Wote Mama, Mtoto Nani?

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na fundi cherehani wa jirani bado anakuchekesha. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Naandika nimesimama kwenye dirisha la ofisi, maana kiti leo hakikaliki.

Kila ukipiga simu unaniuliza kwa nini siji. Nitakujibu, ila niache nizunguke kidogo, unanijua.

Tunachapa riwaya iliyoandikwa na mwanamke mmoja wa makamo, inayohusu binti na mamaye. Dibaji kaiandika mwalimu wa chuo, bingwa wa mambo ya nafsi, tunayemwita Bwana Utoto kwa sababu hata mtu akipiga chafya yeye humtafutia chanzo utotoni. Kaandika kwamba yule mama, kwa kumwita bintiye "mama" kila mara, amemtwika mtoto kazi ya kumlea yeye. Nilikasirika. Nikamwambia hayo ni mapenzi tu, na kwa hesabu zake nchi nzima italazwa hospitali. Akacheka, akaniuliza: ikiwa wote wawili ni mama, mtoto yuko wapi? Nikamwambia aende akanywe chai.

Wiki iliyopita mwandishi alikuja na hasira zake, kashika kurasa nilizokwisha kuzipitisha. Kuna sura binti anaugua, na kwa kuwa wanaitana mama, mpanga kurasa alichanganya wasemaji. Sasa mgonjwa ndiye anayembembeleza mamaye: asilie, ale kidogo, alale, yeye yupo. Mwandishi akauliza ni mhariri gani anayesoma maneno hayo asishtuke. Ni mimi. Niliusoma ukurasa ule, nikaurudia, nikauona uko sawa kabisa. Hata machozi yalinilengalenga.

Bwana Utoto alikuwepo. Safari hii hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza.

Tangu hapo nazunguka tu. Nakumbuka nina homa, nawe umekaa ukingoni mwa kitanda changu unamlilia Baba aliyeondoka, na mimi nakufuta machozi kwa shuka langu. Kabla hajaondoka ulikuwa ukiniita Kidoti, kwa hii alama ya shavuni. Baadaye ukaanza kuniita mama, nami nikaitika. Sikulaumu. Ulikuwa peke yako, na aliye karibu ndiye hupewa mzigo. Ila aliyekuwa karibu alikuwa bado na mapengo ya meno ya utoto.

Sasa jibu lako. Siji kwa sababu nina mimba, Mama, na imeanza kuonekana. Naogopa nitafika mlangoni, utaanza kulia, nami nitaweka begi chini nikubembeleze kama kawaida yetu. Safari hii siwezi. Nataka kulia mimi. Nataka niambiwe nile, nilale, wewe upo. Na huyu akiwa binti, tumwite chochote kile, lakini mama hapana.

Ukiona utaweza, niambie, nitakuja Jumamosi. Ukiona huwezi, niambie pia. Nitaumia, lakini nitajua.

Nisalimie fundi. Goti ulikande kwa maji ya moto, na usisahau kula. Unaona? Nimeanza tena.

Nakupenda sana.

Mwanao,
Kidoti