Nimemwamuru Binti Yangu Afeli

Mpendwa Shangazi Zubaida,

Nisaidie kabla binti yangu hajamaliza kuwa mjinga, maana anakuwa mjinga kwa amri yangu mimi mama yake, na hapa Kampala sina wa kumwambia, majirani nawaogopa, hata kanisani nachagua pa kukaa, na barua hii nimempa rafiki yangu Bibiane, Mkongo muuza vitenge, ambaye huja huko Nairobi kununua mali.

Mimi ni mke wa polisi, au nilikuwa, sijui hata niseme vipi. Tulikaa Naguru kwenye nyumba za polisi, mume wangu Obwona ni Mwacholi kama mimi, kabila linalowindwa tangu jeshi lishike nchi, na mwaka wa 1972 walikuja wenzake wa kazi, watu tuliokuwa tukiwapikia, wakamwambia anahitajika ofisini mara moja, akatoka na kandambili miguuni akijua anarudi, na mpaka leo hajarudi, na nilipokwenda kuuliza mmoja wao aliniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba nina watoto wa kulea na niache kuuliza. Nikahama, nikapanga chumba Mengo karibu na Bibiane, na ilipofika zamu ya binti yangu Amito kuingia sekondari ya serikali, Bibiane akasema, "Joska, mutoto ni wangu. Andika jina yangu, hakuna mutu atauliza." Basi Amito akaandikishwa kwa jina la Pélagie, binti wa marehemu Mugisho, mume wa Bibiane, Mkongo wa Bukavu, na Kiswahili cha Bibiane anakijua vizuri kwa kuwa tangu utotoni, zamani za Naguru, amekulia mgongoni kwake.

Sasa ujue desturi ya shule hiyo, Shangazi. Kila mwisho wa muhula mwalimu mkuu husoma matokeo mbele ya shule nzima na wazazi, jina la mtoto, jina la baba, na wilaya ya kwao, halafu wilaya zinajumlishiwa maksi na kushindana kama timu za mpira, maana shule ilijivuna kwamba ina watoto wa Uganda yote. Zamani watu walicheka na kupiga vigelegele. Amito alipoingia, madawati ya Wahindi yalikuwa matupu, wametoka kufukuzwa, yakajazwa na watoto wa maofisa wapya, hao sina neno nao, ni watoto tu, lakini watoto wa Kiacholi na wa Lango, majirani zetu wa kaskazini, waliokuwa wengi darasani wamekuwa wakipungua, huyu kahamishwa, huyu kaenda kwa bibi yake, huyu hakuna anayesema, na siku hizi mwalimu mkuu akifika kwenye zamu ya wilaya zetu anakohoa tu, anaruka, anasoma ya mbele. Hakuna anayepiga makofi wala anayeuliza. Mimi hukaa pale pamoja na Bibiane nikijifanya rafiki wa mama mzazi.

Binti yangu alikuwa wa kwanza tangu kidato cha kwanza, hesabu, fizikia, kila kitu, na "Wakongo", ambao shuleni wanahesabiwa kama wilaya, wanapigiwa makofi kwa ajili yake peke yake. Mwezi wa nane mwaka huu tukaambiwa mgeni wa heshima atakayewashika mkono watoto wa kwanza ni ofisa fulani, na jina lake nalijua, maana huyo zamani alikuwa inspekta pale Naguru, amekula kwangu mara nyingi, amemtania Amito kwamba amechukua uso wa baba yake mzima mzima. Nikamwambia mtoto, feli. Alilia, akakataa, nikampigia magoti, Shangazi, mimi mama nikampigia magoti mtoto. Akafeli. Akawa wa thelathini na kitu, akawekwa benchi la nyuma, ofisa akaja, akatoa zawadi, akaenda zake bila kumwona, na mimi nikamshukuru Mungu.

Kwa kuwa imefaulu nimeendelea. Mtihani wa cheti wa kidato cha nne unaanza mwezi wa kumi na moja, na mwaka jana waliofaulu sana katika shule hiyo walipigwa picha gazetini. Nimemwambia Amito aufeli huo pia. Lakini wiki iliyopita mwalimu wake wa hesabu, Ogwal, yeye ni wa kabila la Lango na anaishi kwa roho mkononi kama sisi, alinisimamisha njiani, akatazama huku na huku, akasema, "Mama, banange, jamani, huyu mutoto anajua jibu. Anapiga hesabu vizuri mpaka mwisho, halafu anakata, anaandika ingine. Nani alimuambia?" Nikasema sijui. Akaniangalia, akasema, "Basi ambia huyo mutu, mwalimu mukuu ameanza kuuliza."

Na jana Amito aliniuliza, "Mama, baba akirudi akute mimi sijui kitu, atanitambua kweli?" Nikamwambia akalale. Nikisema aandike, naona ule uso gazetini. Nikisema afeli, naua kitu ambacho baba yake alikipenda kuliko vyote. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mama mwenye hofu, Kampala

Shangazi Zubaida anajibu:

Mwanangu, nianze na ugomvi. Uliandika jina la mtoto, la baba, la shule, na chini ukatia anwani ya nyumba! Una akili wewe? Karatasi yako nimeichoma kwenye jiko la mkaa kabla chai haijachemka. Majina yote yaliyochapwa hapo juu nimeyatunga mimi, mtaa nimeubadilisha, na hata ile hila ya kumwandikisha sivyo ulivyoifanya. Anayetaka kutafuta na atafute mpaka achoke. Usiniandikie tena.

Sasa tuzungumze. Hofu yako si upuuzi, na mtu asikuambie ni upuuzi. Umempoteza mume mikononi mwa watu waliokula chakula chako, ungekosaje kuogopa? Siku ile ya ofisa ulimficha mtoto ukampata mzima, na kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Lakini ungeweza kumlaza kitandani na blanketi ukasema ana malaria. Nani Kampala angebisha? Wewe ukaona bora umfiche darasani, mbele ya walimu ambao kazi yao ni kumtazama. Mtoto aliyekuwa wa kwanza miaka yote akianguka ghafla hadi benchi la nyuma, watu wanauliza, nyumbani kwao kuna nini? Na hilo ndilo swali moja ambalo wewe huwezi kulijibu. Umeufungua mlango uliokuwa unauegemea, mwanangu, na ukiufungua zaidi hutaweza kuufunga.

Kwa hiyo, kwanza, Bibiane na aende shuleni, si wewe, amwambie mwalimu mkuu kwamba binti alikuwa mgonjwa muhula uliopita, sasa amepona. Aseme maneno hayo tu, asiongeze. Wewe na mwalimu wa hesabu msionekane mkizungumza tena. Yule ameshakusaidia kadiri awezavyo, usimponze.

Pili, mtihani wa cheti si kama ile michezo yenu ya wilaya. Karatasi ina namba, haina sura. Anayeisahihisha hamjui Mwacholi wala Mkongo, na cheti chenyewe kinatambuliwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam vilevile. Unaogopa picha? Matokeo hutoka mwaka mpya. Mpiga picha hawezi kumpiga mtoto ambaye hayupo. Mahali atakapokuwa sitapaandika hapa, nimeshamwambia rafiki yako kwa mdomo, naye atakuambia kwa mdomo, na wewe usimwambie mtu. Cheti kitakuwa na jina lisilo lake, najua, nalo linauma. Jina hurudishwa kwa kiapo mbele ya hakimu siku nchi ikitulia. Miaka minne ya shule hakuna hakimu wa kuirudisha.

Tatu, ulimwachaje mtoto akalala na swali lile bila jibu? Mwambie baba yake atamtambua. Sema hivyo hata kama hujui kama atarudi, maana ni kweli. Kisha mpigie magoti mara ya pili, kama ulivyompigia ile ya kwanza, umwambie amri ile umeifuta. Asikie kwa kinywa chako mwenyewe, kwa sababu mtoto mtiifu namna hiyo hatavunja neno la mama yake kwa kukisia.

Magazeti yetu hufika kwenu yakiwa yamechelewa, na mengine hayafiki. Kama hili umelipata asubuhi ya mtihani, na binti ameshatoka nyumbani na kalamu zake, usimalize hata mstari huu. Liache hapo mezani, mkimbilie mpaka getini, umwambie aandike yote anayoyajua.