Dawa Ipelekwe Maabara

Mama yangu mpendwa,

Leo nimepita Kitengela, pale tulipopanga nyumba, nikakuona tena moyoni ukiosha gambuti zako kwenye mfereji wa nje huku ukinisimulia habari za ng'ombe kama mama wengine wanavyosimulia za majirani. Daktari wa mifugo wewe, kila ng'ombe ulimjua kwa tabia yake. Akina mama wa Kimaasai walikusalimu "Takwenya," ukaitikia "Iko" kwa lafudhi yako ya Kakamega, mkacheka wote.

Kisha ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, ikaua ng'ombe waliokuwa wakipelekwa josho kuogeshwa dawa kila wiki. Uliipima dawa ya josho, ukarudia kuipima, ukaona ni hafifu, kupe wanatoka humo wazima. Kwenye mkutano wa wafugaji na madaktari pale Kajiado ulisema hivyo mbele ya watu, ukaitaja dawa yenyewe. Kampuni iliyoiuza ikakushtaki kwa kuiharibia jina.

Wakili wako alikueleza mezani kwetu kwamba ukiomba msamaha gazetini, kesi itaisha. Ulimwuliza uwaombe msamaha kina nani, kampuni au kupe. Tulicheka, lakini chai yako ilipoa bila kuguswa. Kilichokuumiza zaidi ni Daktari Njoroge, rafiki yako wa tangu chuo, aliyepata majibu kama yako katika maabara yake. Alikuambia ana watoto wa kusomesha, hawezi kusema. Hukumkasirikia. Krismasi ulimwalika kama kawaida.

Kesi iliahirishwa na kuahirishwa mpaka nikamaliza sekondari. Muda wote huo hakuna mtaalamu aliyethubutu kuandika neno kuhusu ile dawa, na wafugaji waliendelea kuinunua.

Halafu watu wakaja Kajiado kukusanya maoni ya katiba. Ulivaa suti yako ya kanisani, nikakaa kando yako.

"Niko na ombi moja," ukawaambia. "Mtu akisema dawa haifanyi kazi, dawa ipelekwe maabara. Msimpeleke yeye kortini."

Kisha Daktari Njoroge akasimama kule nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba naye aliyaona majibu yale yale, akanyamaza kwa kuogopa kushtakiwa. Ulinibana mkono mpaka ukauma. Baadaye alikutolea ushahidi, na kesi ikatupwa. Sheria ya kumshtaki mtu kwa maneno kama yako haikubadilika. Ulituacha ukisubiri ibadilike.

Siku hizi napima maji ya visima, kuanzia Rongai mpaka Kimana. Wiki iliyopita mwenye kisima kimoja alinionya kwamba nikisema maji yake yanaharibu meno ya watoto, tutaonana kortini. Nikamwambia achote maji mwenyewe, ayapime popote anapotaka, kisha tuketi tubishane. Bado hajanijibu. Wazazi wa pale nimeshawaambia watafutie watoto maji mengine.

Lala salama, Mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako